Takwimu kurekebishwa si sawa na kupikwa

Ndugu, umeuliza kwa nini takwimu za ajira za Marekani hubadilishwa kila mara kama kweli hazipikwi. Sababu kubwa ni majibu kuchelewa. Idara ya takwimu za kazi huwauliza waajiri ni watu wangapi waliolipwa katika kipindi chenye tarehe 12 ya mwezi. Siku ya kutangaza ikifika, wengi bado hawajajibu, na wanaosubiri takwimu hawawezi kungoja. Hivyo hutolewa makadirio ya kwanza, halafu yanasahihishwa mara mbili katika miezi miwili inayofuata, kadiri majibu yanavyoingia.

Kuna pia marekebisho ya kila mwaka, na haya ndiyo yanayonipa imani: majibu ya sampuli, yaani waajiri wachache waliochaguliwa kuulizwa, hulinganishwa na kumbukumbu za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, ambazo karibu waajiri wote wanalazimika kuziwasilisha. Kosa likiwepo, linaonekana hadharani.

Tarehe 1 Agosti 2025 idadi ya ajira za Mei na Juni ilipunguzwa kwa jumla ya 258,000. Siku hiyo hiyo Rais Trump alimfukuza kamishna wa idara hiyo, Erika McEntarfer, akidai takwimu zimechakachuliwa, bila kutoa ushahidi. Mimi hilo linanitisha kuliko marekebisho yenyewe. Mtakwimu anayehofia kibarua chake atasita kusahihisha.

Ukitaka kupima takwimu za nchi yoyote, angalia kama ratiba ya marekebisho hutangazwa mapema, na kama njia ya kukokotoa imewekwa wazi.