Umemaliza digrii ya kwanza na una wito wa utumishi: masta ipi uisome?

Kila msimu wa mahafali vijana hunipigia simu na swali lile lile: "Mchungaji, nisome M.Div. au MA?" M.Div. ni masta ya kumwandaa mtu kwa uchungaji; MA ni ya kuchimba eneo moja la teolojia. Nami huwauliza kwanza: kanisa lako linasemaje? Chuo kitakupa cheti, lakini anayekubariki kuwa mchungaji ni kanisa. Yako makanisa yanayotaka upite kwenye chuo chao hata ukija na shahada mbili za kwingine. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda kwa mchungaji wa usharika wako, akufikishe kwa mkuu wa jimbo au askofu. Uliza waziwazi: nikirudi na shahada hii, mtanipokea katika utumishi? Wakikubali, omba waandike.

Mimi niliingia nikiwa mwalimu wa sekondari, sijawahi kusoma teolojia darasani. Kwa mtu wa namna hiyo naishauri M.Div. bila kusita. Inampokea mwenye digrii ya fani yoyote, nayo kwa kawaida huchukua miaka 3, kwa sababu inakujenga tangu msingi: Agano la Kale na Jipya, historia ya Kanisa, mafundisho ya imani, mahubiri, malezi ya kichungaji, Kiyunani na Kiebrania. Pale Karen, Nairobi, ipo shule ya teolojia ya NEGST, iliyoanza mwaka 1983 na sasa ni sehemu ya Africa International University. Limuru, Kenya, kuna Chuo Kikuu cha St Paul's, ambacho mizizi yake ni shule ya teolojia iliyoanzishwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1903.

Lakini kama tayari una digrii ya teolojia, tuseme ya chuo cha Makumira, M.Div. itakurudisha kwenye mengi uliyokwisha kuyasoma. Afadhali uombe MA au masta ya teolojia, uchimbe eneo moja kwa miaka 2 hivi na uandike tasnifu. Hiyo ndiyo njia ya anayetaka kufundisha chuoni, au kutafsiri Biblia, kazi ambayo bado inahitaji watu katika lugha nyingi za kwetu. Udaktari wa huduma, D.Min., usiuwazie sasa. Huo ni wa mchungaji aliyekwisha kutumika miaka kadhaa na ana jambo la usharikani analotaka kulifanyia utafiti.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Vyovyote utakavyochagua, tafuta programu yenye mafunzo ya uchungaji hospitalini, yale yanayojulikana kama CPE. Hospitali ya KCMC pale Moshi wanayatoa. Unatembelea wodi, kisha unaandika mazungumzo yako na mgonjwa neno kwa neno, yeye alisema hivi, mimi nikajibu hivi, na kundi zima linayasoma mbele ya msimamizi. Mwenzangu mmoja aliandika kwamba mgonjwa alimwambia, "Naogopa usiku," naye akafungua Zaburi papo hapo. Msimamizi akauliza kwa upole, "Kwa nini hukumuuliza usiku kuna nini?" Darasa zima tukanyamaza. Hadi leo, nikiingia nyumba yenye msiba, swali hilo ndilo linaloniongoza kuliko sura yoyote ya kitabu. Na kwa dada zangu ambao makanisa yao bado hayawabariki wanawake, mafunzo haya yanaweza kuwafungulia mlango wa huduma hospitalini na shuleni.

Kuhusu ithibati, usimwamini mtu kwa maneno. Shahada ya nje ya Tanzania itahitaji kutambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu nchini, ukitaka kuajiriwa nayo, kwa hiyo waulize kabla ya kulipa ada. Angalia pia kama programu imethibitishwa na ACTEA, chombo kinachosimamia ubora wa elimu ya teolojia Afrika tangu 1976. Anayekuahidi udaktari wa teolojia kwa miezi michache, ukilipa tu, anauza karatasi, na waumini wako hawastahili mchungaji wa namna hiyo.

Fedha ni mzigo mzito, hasa kwa mwenye familia. Kuna ufadhili unaolipa ada peke yake, kwa hiyo uliza kuhusu nyumba, chakula, bima na karo za watoto. Mwenzi wako asikie hesabu hizo mapema, tena kutoka kinywani mwako.

Na Kiyunani anza sasa, ukiwa bado nyumbani. Jifunze alfabeti na usome aya moja ya Injili ya Yohana kwa sauti kila asubuhi, hata kama maana huipati yote. Muhula wa kwanza una mambo mengi, na anayefika akiwa ameshazizoea herufi hubaki na nguvu ya kukabiliana na vitenzi.