Ukuta wa nyumba si uzio wa bwawa

Nyumba nyingi zenye bwawa la kuogelea Njiro, Sakina au Usa River huko Arusha, au Shanty Town ya Moshi, zina ukuta mrefu, geti la chuma na mlinzi. Mwenye nyumba huona kazi imeisha. Ukuta ule unamzuia mtoto wa jirani; wa kwako yuko ndani tayari, na njia yake ya kwenda majini ni mlango wa baraza ulioachwa wazi wakati dada anaanika nguo.

Kwa hiyo bwawa linataka uzio wake lenyewe, pande zote 4, unaolitenga na nyumba. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni uzio wa pande 3, halafu upande wa nne ni nyumba yenyewe na mlango wa sebule unaofungukia majini. Uzio wa namna hiyo haumkingi mtoto anayelala humo.

Fundi wa kuchomelea mwandikie vipimo, usimwambie kwa mdomo tu. Kimo kisipungue mita 1.2, na ukiweza fika mita 1.5. Vyuma visimame wima, nafasi kati yake isizidi sentimita 10, na chini vilevile. Kupima ni rahisi: chukua kipande cha mbao ya mbili kwa nne, upande wa inchi 4 ukipenya, na mtoto mdogo atapenya. Vyuma vya kulala viwe viwili, cha juu na cha chini, upande wa bwawani. Maua na miviringo katikati ya uzio ikatae kabisa, hata kama fundi anakupa bure, kwa sababu kwa mtoto wa miaka 3 hiyo ni ngazi. Wavu wa matundu ya inchi 2 nao unapandika, vidole vya mguu vinaingia. Michongoma inaonekana imeshonana, lakini inama uangalie chini: anapopita mbwa, mtoto anapita.

Geti ndilo linaloshindwa kwanza. Lifungukie nje, mbali na maji, ili mtoto akiliegemea alifunge badala ya kulifungua. Liwe na bawaba za springi zinazolirudisha lenyewe, na komeo linalojifunga lenyewe, lililokaa mita 1.5 kutoka ardhini. Jaribu kila wiki: lifungue kiganja kimoja tu, liachie. Lisipojifunga mpaka komeo likalia, halifai. Springi huchoka, bawaba za bei rahisi hushika kutu msimu mmoja wa masika, na penye udongo mweusi nguzo huhama, maana udongo ule hujaa mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Nguzo ikihama kidogo tu, komeo halikutani tena na tundu lake. Chimbia nguzo za geti sentimita 60 kwenye zege. Na tafadhali, asiwepo mtu wa kulizuia geti kwa jiwe siku ya sherehe. Viti vya plastiki, vyungu vya maua na ndoo zikae mita 1 au zaidi kutoka kwenye uzio.

Maji yenyewe yanasema kama bwawa ni salama. Ukisimama ukingoni lazima uone kifuniko cha tundu la chini kwa uwazi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Arusha huwakimbiza waogeleaji, dawa inasahaulika, maji yanageuka kijani, na mtoto aliyezama humo unaweza kumpita ukimtafuta. Turubai lililotandazwa juu si kinga: hulegea, hujaa maji ya mvua, na humfunika anayelikanyaga. Hata bwawa lililomwagwa, maji machache ya mvua yaliyobaki chini yanatosha kumuua mtoto anayeanza kutembea.

Kifuniko hicho cha chini kikivunjika au skrubu zikilegea, funga bwawa mpaka kitengenezwe. Pampu huvuta kwa nguvu na inaweza kunasa nywele au mwili. Kila mtu mzima nyumbani ajue swichi ya pampu iko wapi.

Desemba wajukuu wakija Moshi kwa bibi, au siku ya kipaimara, watu wazima 30 wakiwa wamelizunguka bwawa ndipo hakuna anayeangalia. Mteue mtu mmoja kwa jina, anayejua kuogelea, bila simu wala bia, apokewe kila dakika 20. Dada wa kazi asiyejua kuogelea usimpe mzigo huo. Mtoto chini ya miaka 5 awe ndani ya urefu wa mkono wako, hata kama amevaa maboya ya mikononi, maana hayo hutoboka na kuchomoka. Usitegemee kusikia kelele. Anayezama mdomo unakuwa usawa wa maji, hana pumzi ya kuita.

Ukingoni weka mti mrefu wa mita 4 na dumu tupu la lita 5 lenye maji kidogo ndani ili lirushike mbali, limefungwa kamba ya mita 10. Asiyejua kuogelea aokoe kwa hivyo, asiruke.

Ukimtoa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo. Unapoteza muda na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 mpaka kifua kipande. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha theluthi moja ya kifua, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2. Endelea hivyo bila kukoma, mwingine akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji na kuwasha gari. Ubongo hauvumilii dakika nyingi bila hewa, ndiyo maana pumzi zinaanzia pale ukingoni, si njiani kwenda hospitali ya Mount Meru au KCMC. Akizinduka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata akiwa anacheza, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.