Aanzie kwenye tarehe, wakili baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mtu wa kipato kidogo akipatwa na kesi na hana hela ya wakili, aanzie wapi?" Wengi watawajibu kwa kuwatajia mashirika, na mimi nitayataja. Lakini nina steshenari jirani na Mahakama ya Mwanzo huku Morogoro, nakula kwa kutoa kopi na kuchapa barua za watu wenye kesi, kwa hiyo jibu langu limekaa tofauti kidogo. Aanzie kwenye tarehe iliyoandikwa kwenye barua yake. Msaada wa bure upo. Wengi ninaowaona wanaukosa kwa sababu wanafika siku zimeshakwisha.

Kuna mlinzi mmoja alikuja na barua ya kuachishwa kazi, ameikunja mara nne, iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za mshahara. Alitaka nimchapie barua ya kulalamika kwa mkuu wa wilaya. Nikaangalia tarehe: zaidi ya wiki tatu zimepita. Kwa huku Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Kufungua hulipi kitu. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila hapo unaanza kujieleza kwa nini ulichelewa kabla hujaeleza ulichofanyiwa.

Nikamtolea fomu, CMA F.1, akaijaza pale pale kaunta. Mwajiri lazima apewe nakala kwanza, nawe ubaki na ushahidi kuwa ameipata, na hapo ndipo wengi hukwama. Huyu alipofika ofisini katibu muhtasi alikataa kabisa kugonga muhuri. Jamaa hakugombana, aliomba asainiwe kwenye nakala yake, jina na tarehe basi, akasainiwa. Kesho yake akafungua shauri. Wakamalizana kwenye usuluhishi, bila wakili. Pale CMA unaruhusiwa kwenda na wakili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au mtu wako uliyemchagua mwenyewe. Ile barua ya mkuu wa wilaya ingemla siku zote zilizobaki akiambiwa njoo kesho.

Mambo mengine nayo yana mlango wake na siku zake. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo hujaridhika nayo, rufaa Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Kiwanja au shamba, unapita Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Talaka, kwa kawaida kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Matunzo ya mtoto, muone afisa ustawi wa jamii.

Sasa nani akuoneshe mlango bure? Kwa mtazamo wangu, msaidizi wa kisheria wa kata yako ndiye wa kwanza. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Si mawakili, na hawaruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako wala kukudai malipo. Kazi yao ni kukuelewesha, kukusaidia kupanga karatasi zako na kukuelekeza panapohusika, na kwa watu wengi hicho ndicho kilichokuwa kinakosekana. Kama humjui wa kwenu, muulize mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Ninayemjua mimi anajilipia bodaboda mwenyewe kwenda kusuluhisha ugomvi wa mipaka, na sioni kama hilo ni jambo la kujivunia kitaifa.

Shauri likiwa zito, nenda kwenye mashirika yenye wanasheria: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA), na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake na watoto. Chama cha Mawakili Tanganyika nacho huwa na msaada kwa wasiojiweza. Wataulizia kipato chako, usione aibu. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imefika hadi vijijini na watu wamesaidika kweli, ila mahema yakishang'olewa siku za rufaa zinaendelea kuhesabika, kwa hiyo usiikalie kuisubiri. Kwa kesi ya mauaji, mshtakiwa asiye na uwezo huwekewa wakili kwa gharama za serikali.

Mnisamehe, kwenye vishoka nitakuwa mkali. Wanakaa chini ya miti nje ya mahakama na mkoba, wanajiita mawakili, wanaleta kwangu maneno ya Kilatini niyachape. Hela wanayochukua kwa ukurasa mmoja ingemlisha mteja wiki nzima. Watu hawajui kwamba Mahakama ya Mwanzo inapokea madai hata kwa mdomo: unamweleza karani au hakimu, yanaandikwa, tena kwa Kiswahili. (Ndiyo, najiharibia biashara.) Na mtu akikwambia ni wakili, tafuta jina lake kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili uone kama ana ruhusa ya kufanya kazi. Haichukui muda, simu yoyote yenye intaneti inatosha.

Kama una kidogo mfukoni, si lazima umlipe wakili abebe kesi nzima. Muombe akusomee hukumu tu akuambie kama rufaa ina mashiko, au akuandikie hati moja, mkubaliane bei kabla na akupe risiti. Ada ya kufungua kesi ikikushinda, mahakama inaweza kuombwa ikusamehe. Peleka barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali yako. Hati halisi usimwachie mtu, awe wakili, msaidizi au mjomba wako, acha kopi.

Haya yote ni ya Bara. Aliye Zanzibar ana sheria yake ya msaada wa kisheria ya 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992. Zile siku nilizozitaja juu asizichukue, akaulize za huko.