Unataka Kutengeneza Gemu? Anza na Rede

Vijana wengi wanaonijia wakitaka kujifunza kutengeneza gemu huwa tayari wana picha kichwani: ile gemu ya mpira wanayocheza kwenye vibanda vya PlayStation, yenye wachezaji 22, jezi, mashabiki na mtangazaji. Gemu kama hiyo inatengenezwa na mamia ya wataalamu wanaolipwa. Ukianza nayo peke yako utakwama mapema, na kibaya zaidi utaondoka ukiamini kwamba kazi hii si ya watu kama wewe. Kwa hiyo ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote ni huu: chagua gemu ndogo unayoweza kuimaliza. Mimi huwaambia waanze na rede.

Rede tumeikuta mitaani. Wawili wanasimama huku na huku wakirusha mpira, wa katikati anaukwepa, akipigwa anatoka. Tazama kilichomo: mtu anayekwenda unakomwelekeza, mpira unaopita, kugusana kwa vitu viwili, na alama. Ukiweza kuviandika hivyo vinne, umeshika msingi wa gemu nyingi sana. Hata Pong, gemu ya kurudishiana mpira iliyotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, haikuwa na zaidi ya hayo, na Allan Alcorn aliyeiunda alipewa kama zoezi la kuzoea kazi.

Vifaa visikutishe. Kama hujawahi kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, kabisa, na hasa kama bado uko shule ya msingi, pitia kwanza Scratch: unapanga vipande badala ya kuandika, unaweza kuitumia kwa Kiswahili, na ipo ya kupakua ukafanya kazi bila intaneti. Baada ya hapo hamia Godot. Hii ni injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, ya bure, kodi yake imefunguliwa kwa umma tangu 2014, na hata ukiuza gemu yako hudaiwi shilingi. Ninaipendekeza pia kwa sababu ni nyepesi. Unity na Unreal Engine ni injini nzuri, lakini zinakula gigabaiti nyingi, na kwa kijana anayenunua bando la siku hilo ni jambo zito. Godot ukishaipakua, maelezo ya amri zake yamo humohumo ndani, unayasoma hata bando likiisha. Huna kompyuta? Lipo toleo la Android. Kuandika kodi kwenye kioo cha simu kunachosha, ila inawezekana.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo moja, maana hapa ndipo wengi hujifunza kwa kukariri.

Gemu ni mzunguko usiokoma. Kompyuta inasoma vitufe ulivyobonyeza, inasogeza vitu, inachora skrini, inarudia. Kila mchoro mmoja unaitwa fremu, na kompyuta nyingi huchora fremu 60 kwa sekunde. Tuseme umeandika kwamba mpira wa rede usogee pikseli (vinukta vya skrini) 5 kila fremu. Kwa sekunde moja utakwenda pikseli 300. Ichukue gemu hiyohiyo uipeleke kwenye kompyuta ya zamani inayomudu fremu 30 tu: mpira utakwenda pikseli 150, na kila mtu ataukwepa bila jasho. Dawa yake ni kupima kasi kwa sekunde badala ya kuipima kwa fremu. Godot hukupa namba inayoitwa delta, yaani muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Unaandika hivi, position.x ikiwa ni mahali ulipo mpira kutoka kushoto kwenda kulia:

position.x += kasi * delta

Kasi ikiwa 300, mpira utakwenda pikseli 300 kwa sekunde kwenye kompyuta zote mbili. Na uone kwamba neno "kasi" nimeliweka kwa Kiswahili. Amri za injini ni za Kiingereza, lakini majina ya vitu vyako ni yako: mpira, alama, mkwepaji. Kodi yako itasomeka kwako mwenyewe hata ukiirudia baada ya miezi.

Kugusana nako kuna hesabu tamu. Chukulia mpira ni duara lenye nusu kipenyo cha pikseli 10, na mkwepaji ni duara la 20. Amepigwa pale umbali kati ya vitovu vyao unapokuwa chini ya 30. Mpira ukiwa pikseli 12 kulia kwake na 16 juu yake, umbali ni ngapi? Ni Pythagoras yuleyule wa sekondari: 20. Amepigwa. Godot ina njia yake ya kukufanyia kazi hii, lakini nakuomba ifanye kwa mkono mara moja kwanza. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wakiichukia hisabati wakiomba wenyewe waelezwe sini na kosini, kwa sababu wanataka mpira urushwe kwa pembe.

Picha ziache za mwisho. Alexey Pajitnov alipoandika gemu ya Tetris mwaka 1984, kompyuta yake ya Elektronika 60 haikuwa na uwezo wa kuchora picha, akaunda vipande kwa mabano ya maandishi. Wewe una maduara na miraba, inatosha. Ukihitaji picha baadaye, tovuti ya Kenney inatoa maelfu ya bure, zenye ruhusa ya kutumiwa hata kwenye kazi ya biashara.

Kuhusu video za mafunzo: zitazame, zinasaidia sana. Ila kila ukimaliza moja, ifunge, kisha badilisha kitu ambacho mwalimu hakukionyesha. Fanya kasi iongezeke kila baada ya alama tano. Leta mpira wa pili. Ukipata ujumbe mwekundu wa hitilafu, tafuta kwanza namba ya mstari iliyoandikwa humo, nenda pale, soma na mstari ulio juu yake. Na hifadhi nakala kwenye flashi kila jioni, umeme hauagi.

Rede ikishachezeka, mpe mdogo wako au jirani, ukae kimya umtazame. Usimwelekeze. Akibonyeza kitufe ambacho hukukitarajia, hapo ndipo pa kurekebisha. Ukiridhika, iweke itch.io, tovuti ya kuchapishia gemu, ni bure, na watu wanaweza kuicheza moja kwa moja kwenye kivinjari. Gemu ya pili iongeze jambo jipya moja tu. Ningekushauri kombolela: kuta za kujificha, na mtafutaji ambaye kompyuta yenyewe inaamua aelekee wapi.