Nisaini fomu ya majaribio ya dawa, au nikatae?

*Shangazi, nina miaka 44, naishi Kibaha, nina watoto watatu. Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti; walitoa uvimbe tu, ziwa likabaki. Sasa nimemaliza kemo ya tatu. Juzi daktari kanipa fomu ya kurasa nyingi, anataka niingie kwenye utafiti wa dawa mpya. Mume wangu anasema saini, dawa ni bure. Dada yangu anasema watanifanya panya wa maabara. Nami naogopa nikikataa daktari atanichukia. Nifanyeje? (Natumia pia unga wa mlonge na mafuta ya habbat soda, hospitali sijawaambia.)*

Mwanangu, pole kwa maradhi, na hongera kwa kuzimaliza tatu. Najua ya tatu inavyochosha.

Naona umeshauriana na kila mtu isipokuwa mwenye jibu. Kabla hujamuuliza daktari jambo lolote kuhusu hiyo dawa mpya, muulize hili: "Nikikataa, nitatibiwa kwa nini?" Mumeo anaongea kana kwamba unachagua kati ya dawa mpya na kukosa dawa. Sivyo. Ukikataa, unaendelea na matibabu ya kawaida kama ulivyoanza. Na ukikubali, huenda hiyo dawa mpya usiipate. Kama utafiti uko awamu ya tatu, wagonjwa hugawanywa makundi na kompyuta ndiyo inayopanga nani aende wapi; daktari wako hana sauti hapo. Kundi moja hupewa tiba ya kawaida, jingine hupewa mpya, mara nyingi juu ya hiyo ya kawaida. Kama ni awamu ya kwanza, mambo ni mengine kabisa: pale wanatafuta kiasi cha dawa ambacho mwili utahimili, na faida kwako haina uhakika hata kidogo. Kwa hiyo uliza ni awamu gani.

Sasa dada yako na panya wake. Simcheki. Lakini mwambie hivi: hilo ziwa ulilobaki nalo, umebaki nalo kwa sababu ya wanawake waliosaini fomu kama yako. Zamani madaktari waliamini lazima waondoe titi lote, wengine hadi misuli ya kifua. Mwaka 1976 daktari wa upasuaji Mmarekani, Bernard Fisher, na wenzake walianza utafiti ulioingiza wanawake zaidi ya 1,800: wapo waliotolewa titi lote, wapo waliotolewa uvimbe tu, na wapo waliotolewa uvimbe wakapigwa na mionzi. Matokeo ya miaka 20 yalitoka 2002: umri wa kuishi haukutofautiana.

Ila dada yako naye ana pa kusimamia. Mwaka 1999 daktari mmoja wa Johannesburg, Werner Bezwoda, alitangaza kwamba kemo kali mno, ikifuatiwa na kurudishiwa mgonjwa chembe zake za uboho, inawasaidia wenye saratani ya matiti. Tafiti nyingine zilizotangazwa wakati huohuo hazikuona faida hiyo. Wakaguzi walipofika chuoni kwake mwaka 2000 hawakukuta fomu za ridhaa zilizosainiwa, na kamati ya maadili haikuwa na kumbukumbu ya kuupitisha utafiti. Alifukuzwa kazi. Ndiyo maana hayo makaratasi yanayokuchosha nayapenda.

Basi yasome. Hapa Tanzania Bara utafiti wa namna hii unahitaji kibali cha kamati ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na majaribio ya dawa lazima yaidhinishwe na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Tafuta kwenye fomu palipoandikwa kibali hicho, na namba ya simu ya mtu wa kamati ambaye si daktari wako. Ipige. Kama haipo, usisaini chochote. Tafuta pia panaposema nani atakutibu dawa ikikudhuru, na kama utaendelea kuipata utafiti ukiisha. Fomu ya Kiswahili ni haki yako. Wakikupa ya Kiingereza, irudishe.

Kuhusu kuchukiwa: fomu yenyewe inapaswa kusema unaweza kukataa, au kujitoa katikati, bila matibabu yako kuguswa, na sababu si lazima uitoe. Ukiona haya kumwambia daktari usoni, mpe nesi fomu ikiwa tupu. Na kama jibu linatakiwa palepale kitini, hilo peke yake linatosha kukataa. Omba ukalale nayo nyumbani.

Huo mlonge ulioufichia kwenye mabano nimeuona. Mwambie daktari, uwe ndani ya utafiti au nje. Baadhi ya mitishamba huingiliana na dawa za kemo, na figo zikileta shida watailaumu dawa isiyo na kosa, wakupunguzie dozi bure. Beba chupa na mfuko wenyewe, wavione.

Mumeo usimwache nyumbani siku hiyo. Dawa ya majaribio kwa kawaida mgonjwa hailipii, kweli, lakini tafiti hutaka vipimo na mahudhurio ya ziada. Amuulize daktari kwa kinywa chake nani atalipa nauli ya Kibaha hadi Dar kila watakapokuita, na siku hiyo nani atawapikia watoto wenu.