Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Hilo Duka la Narborough Road

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na salamu kwa mkeo na watoto. Ujumbe wako nimeupata. Nimeusoma, nikampa dada yako akausoma, kisha nikaiweka simu nikaenda kupika, maana mambo haya hayajibiwi kwa kidole gumba.

Umeuliza: lile duka la Narborough Road, hapa Leicester, ambalo mwenyewe amechoka anataka kuliachia, ulichukue uache kazi ya ofisi, au ubaki ulipo? Ukaniletea na hesabu: pango, umeme, friji mbili, mashine ya kadi, faida ukiuza kiasi hiki na hasara ukiuza kile. Hesabu zako safi. Marehemu baba yako angezibandika ukutani.

Lakini nimezipitia mara mbili nikitafuta mstari mmoja, sikuuona. Hujaandika utamkopesha nani. Najua utacheka, useme Mama kaanza. Naam, nimeanza. Duka si bidhaa, duka ni daftari. Bidhaa kila mtu anazo. Narborough Road yenyewe hiyo, mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu kutoka London waliwahesabu wenye maduka wakakuta wametoka nchi zaidi ya 20, na kitunguu wanachouza ni kilekile. Mteja hakuchagui kwa kitunguu.

Sasa ngoja nikuhadithie habari ya yule Mhindi wa Jinja. Najua unaijua nusu. Unaijua ile ya baba yenu, kwamba alikuwa mtu mwema aliyetulisha ule msimu wa siku tatu. Nusu ya pili nilikuwa nikiikata kila habari hiyo ilipotajwa mezani, na baba yenu alikuwa akiniangalia naikata.

Tulikaa Highfields, karibu na Melbourne Road, katika zile nyumba za matofali mekundu zilizoshikana, ndani baridi kuliko nje. Hita ya mafuta ya taa, mita ya gesi ya kutia sarafu, na sarafu ikiisha wali haujaiva. Baba yako kiwanda cha viatu, mimi kiwanda cha nguo. Si Corah, kile kikubwa cha St Margaret's kilichokuwa kikiwashonea Marks & Spencer; changu kilikuwa kidogo, na jina lake liache huko liliko. Nilikaa kwenye ovaloki, mashine ya kushona kingo za nguo. Tulilipwa kwa kipande: kila furushi la nguo lina tiketi yake, ukimaliza unaichana unaigundisha kwenye karatasi yako, na mwisho wa wiki karatasi ndiyo mshahara. Ukienda chooni, tiketi zinakusubiri. Ukiumwa kichwa, tiketi haziumwi. Msimamizi wetu alituita sote "me duck", kama watu wa Leicester wanavyoitana, kwa sauti tamu kabisa, huku akitukata dakika.

Lakini raha ilikuwepo, nisiseme uongo. Mstari wetu ulikuwa na mama wa Kisumu, mama wa Nakuru, wawili wa Kampala, na mimi wa Unguja. Wao wenyewe kwa wenyewe Kigujarati, lakini mimi nikiwepo, Kiswahili. Tulimsengenya yule msimamizi mbele ya uso wake, juu ya kelele za mashine, naye anatabasamu. Nimecheka katika kile kiwanda kuliko nilivyopata kucheka mahali popote Uingereza.

Mhindi wa Jinja alikuja katika kundi la Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin. Unajua halmashauri ya jiji hili ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, mwaka 1972, kuwaambia Wahindi wale wasije Leicester, mji umejaa. Ndiyo kwanza wakaijua Leicester, wakaja. Yeye aliruhusiwa kutoka na pauni hamsini na kitu, akaacha duka na nyumba. Haukupita muda akageuza chumba cha mbele cha nyumba ya kona kuwa duka. Mchele, dengu, bizari, unga wa sembe, siku za bahati mihogo. Anafungua mpaka usiku, anafungua Jumapili mji mzima umelala. Siku ya kwanza niliyoingia alinisikia nikimwambia baba yako jambo, akaruka kutoka nyuma ya kaunta: "Mama, wa wapi?" Unguja! Kumbe dada yake aliolewa Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe. Akanitajia Kiponda nyumba kwa nyumba, nani muuza kahawa, nani mshona viatu. Nilirudi nyumbani nimelia, lakini kilio cha furaha.

Basi. Wachimba makaa ya mawe wakagomea kazi ya ziada, mafuta yakapanda kwa ile vita ya Waarabu na Israel, na serikali ya waziri mkuu Heath ikaamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1974 viwanda vingi vitapata umeme siku tatu tu kwa wiki. Kwako hiyo ni historia ya shule. Kwangu mimi, mashine ikizimwa hakuna tiketi, na kwa baba yako vilevile. Na Idi Kubwa ya mwaka ule iliangukia siku zilezile za mwanzo wa Januari. Dada yako alikuwa mdogo, ameshaahidiwa pilau.

Nikaenda dukani. Nikamwambia Bwana, niandikie, mchele, samli na viungo, nitalipa umeme ukirudi. Daftari liko wazi, kalamu iko sikioni. Akanitazama akasema kwa upole, na ule upole ndio sikuusahau: "Weka kitu, mama. Chochote. Moyo utulie tu."

Nikavua bangili ya bibi. Ile ile, ndiyo, aliyoivaa dada yako siku ya harusi. Akaipima kwenye mizani ya iliki. Mwanangu, bangili ambayo bibi aliitoa mkononi mwake akaitia mkononi mwangu siku ninaondoka Unguja, imelala kwenye kisahani chenye vumbi la iliki, na mtu anaongeza vijiwe vya mizani. Akaandika uzito, akaitia kwenye kopo la biskuti. Nikapewa mchele wangu.

Sikuona vibaya wakati ule. Nilidhani ndio utaratibu, kila mtu anaweka. Tukala Idi, Alhamdulillahi. Nikaendelea kuchukua, Januari yote, Februari yote, na kuna jioni alituuzia kwa mwanga wa mshumaa.

Siku moja kiwandani nikamuuliza mama wa Kisumu, wewe umeweka nini kwa Mhindi wa Jinja? Akanishangaa. "Kuweka? Ananiandika tu." Nikamuuliza wa Nakuru. Anamwandika tu. Palikuwa na msichana ametoka Mwanza juzijuzi, hata njia ya kwenda mjini haijui. Naye ameandikwa tu.

Nilishona siku ile sijui nilishona nini.

Machi umeme ukarudi, Heath ameshaanguka kwenye uchaguzi. Mshahara kamili wa kwanza nikaenda nao Jumamosi, duka limejaa, kina mama wa mstari wetu wapo. Nikaweka pesa juu ya kaunta. Akafuta jina langu, akatoa kopo la biskuti, akanipa bangili imefungwa kwenye karatasi laini. Nikamwambia: "Pima."

"Mama, hakuna haja."

"Ulipima ulipoichukua. Pima unapoirudisha."

Akapima. Mnajua sauti yangu ikipanda. Nikasema, mbele ya wote: "Sasa niambie, Bwana, hawa dada zangu wao waliweka nini?" Duka zima kimya. Akasema, taratibu: "Hawa nawajua kwao."

"Na Kiponda si ulinitajia nyumba kwa nyumba?"

Hakuwa na jibu. Mkewe, aliyekuwa nyuma ya pazia, akamwambia maneno ya Kigujarati, mengi, ya haraka. Mimi sikuelewa hata moja. Yeye aliyaelewa, maana masikio yalimwiva.

Nilipofika nyumbani baba yako, badala ya kunipoza, akanifungulia msahafu, al-Baqara. Rehani ni halali, mama watoto, imo humu. Nikamwambia soma yote. Aya inasema mkiwa safarini na msipompata mwandishi, ndipo rehani. Nasi hatukuwa safarini, na mwandishi alikuwepo, kalamu sikioni! Na inaendelea, mkiaminiana, aliyeaminiwa atimize amana yake. Baba yako akafunga msahafu. Ndiyo siku pekee niliyomshinda kwa kitabu, na sikuona raha nilivyotarajia.

Kwa sababu, mwanangu, nikilala usiku nilikuwa nabishana na nafsi yangu juu ya yule mtu. Najiambia: kanyang'anywa duka zima, kanyang'anywa nyumba, atamwamini nani? Kisha najijibu: aliyemnyang'anya si mimi. Kisha tena: lakini alinipa. Benki pale barabarani haikunipa hata kiti cha kukalia, yeye alinipa mchele miezi miwili. Kisha tena: alinipa kwa mizani. Ile Afrika ya kule, ya Mhindi kaunta na Mwafrika upande huu, aliibeba mpaka Leicester, ingawa askari walimkagua mabegi. Bado sijamaliza ubishi huo, na yeye ameshakufa.

Na Jumamosi iliyofuata nilirudi. Ningekwenda wapi? Nilikuwa na pesa mkononi, naye kabla sijazitoa akasema, "Nikuandikie, mama?" Nikasema niandikie. Sikuwa na haja nao, lakini nilichukua mkopo wa kilo moja ya dengu, bila kuweka kitu, wenzangu wanaona. Nacheka mpaka leo nikikumbuka. Dengu zile niliwapikia wiki nzima.

Tena nimwonee haki kwa hili pia. Mei ya mwaka uleule wafanyakazi wa kiwanda cha taipureta cha Imperial, East Park Road, waligoma, wengi wao Wahindi wa Afrika Mashariki, na chama chao cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono. Daftari likajaa upya. Aliwaandika. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa kabisa, na zile kurasa nyingine hazikulipwa. Mkewe mwenyewe aliniambia. Hakufunga duka. Unaona ninavyosema? Duka ni daftari, na daftari linaweza kukulaza njaa vilevile. Hilo nalo uliweke kwenye hesabu zako.

Mengine unayajua. Corah kikafa, changu kikafa, kazi zikaenda nchi ambako ovaloki inalipwa kidogo zaidi. Duka la kona watoto wake hawakulitaka, walishakuwa wafamasia. Sokoni tukaendelea kwenda jioni ya Jumamosi bei zinaposhuka, na baba yako kila tukipita kwenye meza ya matunda ya ukoo wa Lineker anakuonyesha kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kijana wao mpira.

Sasa wewe. Utaniambia siku hizi hakuna daftari, kuna kadi. Kadi inakubali au inakataa, na mashine haijui nani wa Kiponda nani wa Mwanza. Kwa upande mmoja, afadhali! Mashine ingalikuwepo wakati ule, bangili isingepimwa kwa mizani ya iliki. Kwa upande wa pili, mashine ingalikuwepo, pilau lisingepikwa. Hapo ndipo ninapokwama na ndipo nilipotaka na wewe ukwame kidogo kabla ya kutia sahihi.

Unataka niseme chukua au acha. Dada yako naye ananisukuma niseme. Ninalo la kusema, lipo hapa ulimini, na nikiandika mistari miwili zaidi litaponyoka. Sisemi. Una mke, ana akili kuliko sisi wote, muulize yeye. Ila huo mkataba wa pango niletee niusome mwenyewe, hasa pale penye habari ya nani anatengeneza paa, kwa sababu nimeliona lile paa nikiwa kwenye basi.

Na kabla hujaja nijibu hili. Ni Februari, umebakiza nusu saa ufunge. Anaingia mwanamke humjui, lafudhi yake huijui, ana mtoto. Mchele, mafuta, vitunguu. Kadi inakataa. Anaijaribu tena, inakataa. Anaanza kuvua kitu mkononi. Unamwambiaje? Usinijibu la haraka la kunifurahisha. Nijibu kwanza hilo, na mimi nitakujibu la duka.

Wasalaam,
Mama yako