Jiwe la kwatzi halichaji simu, hata ulibebeshe gunia

SWALI: Mhandisi, pole na kazi. Nina kibanda cha kuchaji simu hapa Ujiji, natumia sola. Kuna bwana kavuka ziwa na jiwe jeupe la kwatzi, anasema ukilibebesha gunia la mahindi linatoa umeme usiku na mchana. Alilipima mbele yangu, mita ikasoma volti 12. Nilibebeshe uzito gani ili nichaji simu kumi kwa pamoja?

JIBU: Ndugu yangu, habari ya uzito iache kwanza. Umeme wa mgandamizo, yaani unaotokea kitu kikibanwa, upo kweli. Pierre na Jacques Curie, mtu na kaka yake, waliuonyesha Ufaransa mwaka 1880, na kwatzi ilikuwamo kati ya fuwele (mawe ambayo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu) walizozipima. Ndio huo unaorusha cheche ukibonyeza kiwashio cha jiko la gesi.

Kinachonikera ni watu kuaminishwa kwamba jiwe "lina umeme ndani", kama betri iliyochimbwa ardhini. Halina! Ukilibana, chaji za umeme za ndani ya fuwele zinasogea kidogo, upande mmoja unakuwa chanya na mwingine hasi. Basi. Gunia likishatulia, chaji zinavuja na kuisha. Ukitaka nyingine, linyanyue ulirudishe. Mzigo uliotulia hausukumi kitu, kwa hiyo haufanyi kazi, na pasipo kazi umeme utoke wapi?

Piga hesabu. Kilo 100 zikiwekwa taratibu juu ya kwatzi ya sentimita 10 kila upande, zinaiminya kama sehemu moja ya elfu nane ya milimita. Kazi iliyoingia haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya jouli, kipimo cha nishati. Simu yenye betri ya mAh 5,000 inataka jouli kama 69,000. Hata pasipopotea kitu, utalipandisha na kulishusha gunia zaidi ya mara milioni 600 kwa simu moja. Na hapo nimelipendelea jiwe: bonge la mwamba lina punje nyingi zilizoelekea huku na huko, chaji zake zinafutana. Fuwele ya kazi hukatwa kwa pembe maalumu.

Volti 12 zisikutishe. Kiwashio cha gesi kinafika maelfu ya volti, wala hakichaji redio. Niliwahi kuvunja jiwe la namna hiyo hapa Mwanga, Kigoma: chini ya gundi palikuwa na betri ndogo ya rimoti, ya volti 12. Mama aliyelileta alikuwa ameuza mbuzi wawili kulinunua.

Nanyi wa Kasulu, Uvinza na vijiji vya mwambao, msitoe fedha kwa kuonyeshwa mita au video ya simu. Dai taa ya wati 5, jiwe likiwa wazi mezani, iwake saa nzima mkiitazama. Na wewe wa Ujiji, kama umeshatoa kianzio, kidai leo kabla hajapanda boti.